Laini Iliyoanzia Nyuma

Jumapili, Mei 1995

Mvua ilianza kabla ya misa, ikakatika tulipotoka kanisani, na sasa imerudi juu ya mabati. Nimekaa kitandani, blanketi miguuni. Sijui kama ninachosikia mwilini ni uchovu, aibu au homa inayokuja. Kichwa kimejaa, na hakuna kitu ndani yake kilichokaa mahali pake.

Wacha niandike kwa mpangilio. Labda jambo moja likifuata lingine nitaelewa.

Nikija kusoma haya nikiwa mzee nitakuwa nimesahau mengi, kwa hiyo naandika hata yale ninayoyajua. Mimi ni Boke, Mkuria wa upande wa Kehancha, na huu ni mwaka wangu wa kwanza hapa Kosele. Ni karani wa zahanati ya misheni. Nakaa dirishani, naandika jina la mgonjwa, anakotoka na anachougua, namtafutia kadi yake, naye anaenda kwenye benchi kumngoja daktari. Dholuo yangu bado ni ya kusalimia na kununua samaki, basi na wagonjwa naongea Kiswahili. Wananijibu kwa Kiswahili, na wakitaka kunisema wanarudi kwenye lugha yao. Wananiita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Nimezoea, na siku hizi nafikiri wananiita hivyo kwa wema.

Kompyuta ililetwa na wageni wa misheni. Ilikaa ndani ya boksi ofisini kwa padri mpaka aliposikia kwamba mimi nilisoma kompyuta Migori. Ni kweli nilisoma. Mwalimu Oketch alitufundisha kwenye chumba cha ghorofani, juu ya hoteli ya chai, kwanza kuandika barua, halafu BASIC, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ya barua niliimaliza. Ya BASIC tulifika kwenye safu, vile visanduku vinavyopangwa mstari mmoja, kila kimoja na namba yake kama masanduku ya posta. Hapo nikapata hii kazi, nikaacha darasa katikati.

Nusu ya BASIC. Nataka nikumbuke hilo.

Hakuna aliyenituma kutengeneza programu ya kuita wagonjwa. Padri alitaka barua na ripoti tu. Ni mimi niliyeona jinsi watu wanavyosukumana mlangoni kwa daktari, mwenye sauti kubwa anaingia, na mama mpole anabaki benchi na mtoto wake mpaka mchana. Nilitaka kuwasaidia wale wapole. Ndivyo nilivyomwambia Daktari Ouma, naye akasema nijaribu.

Nilitengeneza safu ya visanduku mia moja, nikaweka herufi N iwe kidole changu. Jina likiingia, kidole kinasonga mbele kisanduku kimoja na jina linaandikwa pale. Daktari akiwa tayari, unabonyeza kitufe, jina lililo chini ya kidole linatokea kwenye skrini pamoja na ugonjwa wake, na kidole kinarudi nyuma kisanduku kimoja. Niliijaribu kwa jina langu. Nikaliweka, nikaliita, likaja. Nikaweka la padri, nikaita, likaja. Niliona nimemaliza.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano mvua ilinyesha sana na wagonjwa walikuwa wachache. Anakuja mmoja, anaandikwa, anaitwa. Anakuja mwingine, anaandikwa, anaitwa. Kompyuta haikukosea hata mara moja. Nilitembea hapa Kosele kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko, na jua lilitoka.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa langoni. Wa kwanza dirishani alikuwa mama mmoja mwembamba, mtoto mgongoni chini ya leso. Nilimuuliza jina la mtoto akasema Akoth. Nikamuuliza anaumwa nini, akasema homa, imeanza jana. Alisema kwa sauti ya chini hata ikabidi nimrudishie swali. Nikaandika AKOTH, HOMA, nikamwelekeza benchi. Nyuma yake kulikuwa na laini iliyofika mpaka kwenye tangi la maji.

Niliandika majina mpaka vidole vikauma. Kisha ilinibidi niingie chumba cha nyuma kutafuta kadi, kwa hiyo Sista Perpetua, muuguzi wetu, akakaa kwenye kompyuta. Nilimwonyesha kitufe. Akawa anabonyeza na kuita, na kila mgonjwa mpya aliyefika dirishani nilikuwa natoka mara moja namwandika, narudi kwenye kadi.

Wakati mmoja nilipita na kadi mikononi nikaona mwanamume mmoja akiingia kwa daktari. Nilikuwa nimetoka kumwandika dakika hiyo hiyo. Nikamuuliza Sista kwa nini amemwita. Akasema hakumwita yeye, aliitwa na mashine. Nikatazama skrini, na kweli jina lake lilikuwa pale.

Nilisimama hapo na kadi zangu. Kitu kilinigusa, kama vile unapotoka nyumbani na kusahau jambo usilolijua ni nini. Halafu mtu akagonga dirisha, nikaenda kumsikiliza.

Hapo ndipo ningepaswa kusimamisha kazi. Sikusimamisha.

Kisha akaja mzee mmoja ameshikwa mkono na mwanawe. Mzee hakuwa analia wala kulalamika. Mwanawe alisema ni tumbo, nikaandika TUMBO. Kabla hawajapata mahali pa kukaa, Sista akaita jina lake. Alipoingia, baada ya muda mfupi Daktari Ouma akatoka mbio akimtafuta dereva. Ilikuwa ngiri, na utumbo ulikuwa umenaswa ndani yake. Daktari alisema angengoja benchi mpaka mchana asingefika jioni. Wakampandisha kwenye pikapu ya misheni, gari pekee tulilo nalo, wakampeleka hospitali Homa Bay.

Sista Perpetua akageukia watu wote wa benchi.

"Mmeona wenyewe," akawaambia. "Mashine inajua aliyezidiwa."

Wakaanza kunong'ona kwa Dholuo, wakiitazama kompyuta, kisha wakinitazama mimi. Sikuelewa maneno lakini nyuso nilizielewa. Hakuna aliyelalamika tena kwamba ameachwa. Waliotangulia kufika walitulia kabisa.

Sasa hili ndilo gumu kuandika. Nilijua mashine haijui chochote. Neno TUMBO niliandika mimi, na programu yangu hailifanyii kitu isipokuwa kulionyesha. Hakuna mahali nilipoiambia kwamba tumbo ni kubwa kuliko homa. Nilijua, na bado nilifurahi. Kuna sehemu yangu iliyojiuliza kama labda, bila mimi kujua, nimetengeneza kitu kizuri kuliko nilivyokusudia. Mtu anawezaje kujua jambo na kutolijua kwa wakati mmoja?

Mchana benchi lilikuwa linapungua, na lilikuwa linapungua kutoka mwisho. Nilikuwa nahesabu vidonge vya pakiti nilipomsikia Sista akiita jina la daktari kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Mtoto Akoth alikuwa ameshikwa na degedege. Mama yake alikuwa amemlaza kwenye mapaja, mwili umekakamaa, macho yamepinduka. Daktari akamchukua, akampiga sindano, Sista akamkanda kwa kitambaa cha maji. Wakatafuta mshipa wa dripu ya kwinini na hawakuupata haraka, mkono wenyewe ulikuwa mdogo. Daktari akauliza pikapu iko wapi, na wote tukakumbuka kwamba pikapu iko njiani na yule mzee.

Mtoto alipolegea na kuanza kupumua vizuri, Daktari Ouma aliinua kichwa.

"Huyu amefika saa ngapi?"

Sista akanitazama. Mimi nikatazama chini. Mama yake ndiye aliyejibu, kwa sauti ile ile ya dirishani.

"Nilikuwa wa kwanza, daktari."

Pikapu ilirudi saa kumi, ikawachukua. Nilienda kwenye kompyuta. Benchi lilikuwa tupu na mashine ilikuwa na jina moja tu lililobaki. Nikabonyeza kitufe, nalo likatokea kwenye skrini kama lilivyopaswa kutokea asubuhi.

Daktari hakunigombeza. Alisema tu niizime mpaka nielewe imefanya nini. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, yule mwana wa mzee alikuja na kuku. Mzee alipasuliwa usiku ule ule na anaendelea vizuri. Akasema ero kamano, asante, kwangu na kwa mashine yangu. Nilijaribu kumweleza kwamba mashine ilimwita baba yake kwa sababu ndiye aliyefika mwisho, basi, hakuna sababu nyingine. Akatabasamu. Alifikiri ni unyenyekevu. Akanishikisha miguu ya kuku, akaenda. Kuku nilimpelekea mpishi wa misheni. Sikuweza hata kumtazama kuku huyo.

Jana Jumamosi nilifunga safari mpaka Migori kumtafuta Mwalimu Oketch. Nilimkuta ghorofani na wanafunzi wawili, akanikaribisha kana kwamba sikuwahi kuacha darasa lake. Sikumwambia habari za mtoto kwanza. Nilimwonyesha programu kwenye karatasi. Aliisoma, akaniambia niiingize kwenye mashine yake kisha niweke majina matatu pamoja, langu, lake na la mama wa hoteli ya chini. Nikafanya hivyo. Kisha akasema niite.

Wa kwanza kutoka alikuwa mama wa hoteli.

Sikuwahi kuijaribu kwa majina matatu. Mara zote niliweka moja na kutoa moja. Jina likiwa moja, wa kwanza na wa mwisho ni mtu huyo huyo, na kosa halina mahali pa kuonekana.

Tulishuka kunywa chai. Kulikuwa na sahani ya chapati juu ya kaunta, na mama wa hoteli alikuwa akiziweka juu yake moja moja zikitoka jikoni. Mwalimu akaniambia nitazame. Mteja akija anapewa ya juu, iliyotoka kwenye moto sasa hivi. Ile ya kwanza kupikwa iko chini kabisa, na itabaki chini maadamu zinaongezwa nyingine, hata ikauke. Hiyo, akasema, ndiyo niliyotengeneza. Kwa Kiingereza wanaiita stack, yeye huiita rundo. Ina kazi zake nzuri, lakini kuita wagonjwa si mojawapo. Nilichotaka ni laini, kama mitungi kwenye bomba la maji, uliotangulia ndio unaojazwa.

Nikamuuliza basi nibadilishe visanduku gani.

Akasema hakuna.

Hapa ndipo nilipopotea, na bado nimepotea. Visanduku ni vilevile. Majina ni yaleyale, na sikukosea herufi hata moja. Rundo na laini vinakaa ndani ya safu ileile, ukiitazama huwezi kujua ni ipi. Tofauti ni kwamba nilikuwa na kidole kimoja cha kuingizia na kutolea, na nilihitaji viwili, kimoja kinachosonga mbele watu wanapofika, kingine kinachoanza mbele kabisa na kuwafuata mmoja mmoja wanapoitwa. Mistari michache. Aliiandika kwa kalamu kabla chai yake haijapoa. Nilitegemea kosa lililompeleka mtoto kwenye degedege liwe kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho.

Ndipo nikamweleza yote. Mimi nikasema kwamba nikiweka laini ya haki, Akoth angeitwa wa kwanza, lakini yule mzee angekaa benchi nyuma ya watu wote na angekufa akiwa amekaa kwa adabu. Rundo lilikaribia kumuua mmoja, likamwokoa mwingine. Laini ingefanya hivyo hivyo, ila kwa kubadilisha watu. Nikamuuliza kama hakuna kitu cha tatu.

Kipo, akasema. Kila jina linaingia na namba ya uzito wake, na mashine inatoa lenye uzito mkubwa kwanza, haijali nani alitangulia. Nilifurahi. Hicho ndicho kile ambacho benchi zima liliamini ninacho. Nikamuuliza mashine inaipataje hiyo namba.

"Unaipa wewe, Boke."

"Mimi si daktari, mwalimu."

"Nayo si daktari."

Kurudi nilishukia Homa Bay, nikaenda hospitalini saa za kuona wagonjwa. Nilizunguka nje ya wodi ya watoto kwa muda, nikajisomea matangazo ya chanjo yote. Kisha nikaingia.

Akoth alikuwa amekaa, anakunywa uji. Ana miaka miwili hivi, paji la uso pana, nywele zimenyolewa upande mmoja walipotafuta mshipa wa kichwani. Niliita jina lake, hakugeuka. Mama yake alisema hasikii vizuri tangu dripu, na kwamba muuguzi amemwambia kwinini hufanya hivyo na mara nyingi masikio hurudi. Mara nyingi. Alinisogezea nafasi kitandani kana kwamba nimekuja kama ndugu.

Nilimwambia nimekuja kumweleza habari za mashine. Alinikatiza, akataka kunifariji. Alisema siku ile hakukasirika hata kidogo.

"Niliona wengine wanaitwa, nikafurahi," alisema. "Nikasema mashine imemwangalia nyathina, mtoto wangu, ikaona hana neno. Hata alipoanza kuwa moto sana nilitulia. Nilifikiri, kama ni mbaya, ingemwita."

Sijawahi kusikia maneno mazito kama hayo yakisemwa kwa upole. Nilimweleza. Sikutaja safu wala kidole, nilisema tu kwamba mashine ilikuwa inawaita watu kwa kuanzia nyuma, na kwamba niliipanga hivyo bila kujua. Nilimwambia yeye alikuwa wa kwanza, ndiyo maana ilimwacha wa mwisho. Alisikiliza mpaka mwisho, akimfuta mtoto uji kwenye kidevu.

"Kwa hivyo haikumwona mtoto."

"Haimwoni mtu yeyote, mama Akoth. Haina macho."

"Na wewe ulimwona?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa dirishani, yeye alikuwa mbele yangu, niliandika jina lake kwa mkono wangu. Lakini sikuwa nimemwona. Mtoto alikuwa mgongoni, nami nilikuwa natazama kibodi.

Nikamwambia hapana.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, si kwa hasira, kama mtu aliyepewa jibu la jambo lililokuwa linamsumbua. Kisha akasema anataka kwenda kuosha kikombe, akaniwekea mtoto mapajani. Akoth hakulia. Kwa vile hakunisikia, alitazama midomo yangu kila niliposema kitu, kwa makini sana, na mimi nikajikuta naongea polepole, nikimwambia mambo yasiyo na maana, habari za mvua na za barabara, mpaka mama yake akarudi.

Mama Akoth hakuniambia amenisamehe. Alinisindikiza mpaka mlangoni.

Leo baada ya misa Daktari Ouma aliniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa mashine ilifanya nini, lakini sijaelewa inafaa ifanye nini. Akasema hata yeye hajaelewa, na kwamba uamuzi wa kuiwasha ni wangu. Sista Perpetua alikuwa pembeni, akasema watu watauliza. Wameanza kuipenda. Kuna mama mmoja kanisani aliyemuuliza kama mashine inaweza kumtazama mumewe.

Nina mistari ya Mwalimu Oketch hapa, vidole viwili badala ya kimoja. Naielewa karibu yote. Kuna mahali kidole cha nyuma kinapofika kisanduku cha mwisho na kutakiwa kurudi mwanzo kama vile safu ni duara, na hapo akili yangu inateleza kila mara. Nitaisoma tena.

Lakini kesho sitaanza na kompyuta. Nitatoka dirishani nipite benchi lote kwa miguu, niwaombe akina mama wawashushe watoto mgongoni, niguse mapaji, nitazame macho, na yule nitakayemwogopa nimpeleke mwenyewe mlangoni kwa daktari, hata wakinisema kwa Dholuo. Baada ya hapo ndipo nitaandika majina, kwa laini ya haki.

Mimi si daktari. Nitakosea. Na siku ya soko, watu watakapofika mpaka kwenye tangi, je, macho haya mawili yatatosha?